Asiachwe Peke Yake

Asubuhi ile niliondoka Bakoba bila kugombana na mtu na bila kujua ninakokwenda. Chumba nilichopanga hakikuwa na ubaya, mama mwenye nyumba alinipenda, na kazi ya kuosha vyombo kwenye mgahawa wa karibu na stendi ilikuwa haijanishinda. Niliamka tu nikasikia miguu inawasha, nikafunga begi. Nimekuwa hivyo tangu nilipoacha shule darasa la sita, siku nilipodandia lori la kahawa ili nione linakokwenda kumwaga mzigo, nikachelewa kurudi kwa miezi kadhaa. Tangu hapo nimeanika dagaa, nimechambua kahawa, nimewapikia ugali watengeneza barabara, nimewauzia senene abiria wa mabasi. Kazi naifanya mpaka niijue. Nikishaijua, nachoka nayo. Kitu kimoja ambacho sikuwa nimekiona kwa macho yangu ni mtu akizaliwa. Mimi mwenyewe sijazaa, na mwanamke asiyezaa haitwi kwenye vyumba hivyo.

Dereva wa pikapu iliyobeba kreti za soda alikubali kunipakia.

"Unashukia wapi, dada?"

"Wewe unaishia wapi?"

"Nshamba."

"Basi na mimi nashukia Nshamba."

"Una ndugu Nshamba?"

"Sijui bado."

Alinitazama, akatazama begi langu, akaongeza sauti ya redio. Nadhani alifikiri nimeiba kitu.

Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo wiki ile. Tulipopanda vilima vya Muleba ukungu ulikuwa umekalia migomba, na dereva aliwasha taa ingawa jua lilishapanda. Kabla ya kufika Nshamba tulikuta kalavati limeliwa na maji upande mmoja. Wanaume walikuwa wametandika mbao, wakatuongoza kwa mikono, tukapita polepole huku mbao zikilia chini yetu. Nilichungulia nikaona maji mekundu yakichimba ukingo, na donge la udongo likaanguka mbele ya macho yangu.

"Ikinyesha tena leo," dereva alisema tulipofika ng'ambo, "hapa hapapiti gari."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, halafu akaniomba nimfungulie soda.

Nshamba nilikunywa chai. Nikaona wanawake wenye watoto mgongoni na kadi za kliniki mkononi wakishika njia ya kuelekea Buganguzi, nikawafuata kwa sababu walikuwa wakicheka na mimi nilitaka kujua wanacheka nini. Kabla sijajua, mvua ilitukuta. Tukakimbilia wote kwenye baraza la zahanati moja yenye bati jekundu, iliyojengwa katikati ya migomba.

Pale barazani mama mmoja mtu mzima, amevaa sweta la kiume juu ya khanga, alikuwa akizunguka na kikapu akitugawia kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na viungo kisha zikakaushwa, ambazo kwa Wahaya mgeni huwekewa kiganjani kabla hajaulizwa habari. Wenzangu walimwita ishenkazi, yaani shangazi, ingawa hakuwa shangazi yao.

"Pokea, mwanangu. Baridi hii itakuua kabla ya uzee," aliniambia.

"Ahsante, shangazi. Una mgonjwa hapa?"

"Sina mgonjwa. Nina mke wa mtoto wa kaka yangu, analeta mtu."

Hapo ikatoka sauti ndani. Haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa ya chini, ya mtu anayesukuma kabati zito peke yake. Wanawake wakaacha kucheka, kila mmoja akatazama mvua.

Mlango ukafunguliwa, akatoka mkunga. Alikuwa mwanamke wa makamo, ana aproni ya plastiki na gambuti, saa ameibana kifuani. Alitutazama mmoja mmoja.

"Nani hapa hana mtoto mgongoni na hana haraka?"

Wote wakanigeukia mimi.

"Mimi si nipo, sista?" shangazi alisema.

"Wewe nimekuona, shangazi. Kila ukiingia unamwambia asukume, na wakati wa kusukuma haujafika. Nataka mtu asiyejua kitu."

"Mimi sijui kitu," nilisema.

"Sifa hiyo inatosha. Njoo unawe mikono."

Wakati nanawa aliniuliza nilikotoka na nilichofuata, kisha akanieleza ya kwake. Mwenzake alikuwa likizo na yeye alibaki mwenyewe, na siku hiyo ilikuwa ya kliniki ya watoto. Kuna vitu vingi vya kufuata nje ya chumba kile, maji, dawa, simu ambayo mtandao wake ulipatikana kwenye kona moja tu ya uwanja. Lakini alikuwa na utaratibu aliojiwekea na hakuuvunja: mwenye uchungu haachwi peke yake, hata kwa muda wa kuchota ndoo.

"Wengi huwa hawafi kwa sababu hakuna dawa," alisema huku akinipa taulo. "Wanakufa kwa sababu kitu kilibadilika na hakukuwa na mtu wa kukiona kikibadilika."

Sikuipenda sentensi ile. Nilimfuata hivyo hivyo.

Mwanamke aliyekuwa kitandani alikuwa mdogo kwangu, ana uso wa mviringo na nywele zimesukwa upya kwa ajili ya siku hiyo. Mkunga aliinama usawa wa macho yake.

"Mama, huyu ni mpita njia. Hajui kitu lakini ana mikono. Akae nawe?"

"Anatoka wapi?"

"Bakoba."

"Amefuata nini huku?"

"Hata yeye hajui."

Yule mama akatabasamu kidogo. "Akae," alisema. Uchungu ukamjia, akakamata vidole vyangu kwa nguvu ambayo sikuitegemea.

Ulipopita, mkunga alimfunua tumbo akanionyesha kovu, limelala chini ya kitovu, bado lina rangi ya waridi. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, na mtoto huyo hata shule hajaanza. Kliniki walimwambia mama huyu waziwazi kwamba safari hii asijaribu zahanati: aende hospitali mapema, alale pale akisubiri siku yake. Badala yake alifika hapa alfajiri kwa miguu, na uchungu tayari umeanza.

"Kovu ni mshono," mkunga aliniambia bila kushusha sauti, maana hakuwa na tabia ya kumficha mgonjwa habari zake. "Mshono ukivutwa polepole unaweza kuvumilia. Ukivutwa kwa nguvu na bila kupumzika, unafumuka. Nimeshapiga simu, gari la wagonjwa likimaliza safari nyingine linakuja. Kazi yetu ni kumfikisha kwenye gari akiwa mzima, yeye na aliyemo. Wewe mkandamize kiunoni, hapa, uchungu ukija. Mpe maji ukienda. Usimpe pole kila mara, pole nyingi zinatisha. Akikwambia panauma hapa kwenye kovu hata wakati uchungu umetulia, niite, hata kama niko chooni."

Asubuhi ilikwenda vizuri kiasi. Uchungu ulikuja, ukaondoka, ukatuachia nafasi ya kuzungumza. Mume wake alikuwa visiwani kwenye uvuvi. "Simu yake hupatikana akiwa na njaa," alisema. Nilimuuliza mambo yote ninayojua kuuliza: maumivu yanaanzia wapi, yanaelekea wapi, mtoto akigeuka anasikiaje. Hakuchoka. Mkunga alikuwa kwenye kiti upande wa pili, kiganja juu ya tumbo, jicho kwenye saa. Kila baada ya muda aliinamisha pembe yake ya kusikilizia mapigo ya mtoto, akafunga macho, akafungua, akasema, "Yupo."

"Huyu nataka nimwone akitoka," yule mama aliniambia. "Wa kwanza nililetewa amekwisha kuvishwa nguo. Nikauliza, wa nani huyu? Wakacheka. Mimi sikuwa natania."

"Hata hospitali wanaweza wakakata tena," nilisema, maana sikujua kwamba si kila jambo husemwa.

"Wakikata, basi wanionyeshe hapohapo, kabla ya kumfunika. Sista, umesikia?"

"Nimesikia," mkunga alisema.

Shangazi aliingia mara kwa mara. Hakukaa. Alimpapasa mkwe wake shavuni, akamwambia neno la Kihaya, akamtilia punje ya kahawa mdomoni, akatoka. Hakuna aliyeona ubaya. Kumnyima mtu kahawa ndiko kungekuwa ubaya.

Kuelekea mchana mambo yakaanza kwenda kombo. Uchungu uliacha kutupa nafasi. Mmoja ulikuwa haujaisha vizuri, mwingine ukapanda juu yake. Yule mama aliacha kusimulia, kisha akaacha kujibu. Nje mvua ilizidi kwenye bati mpaka tukawa tunaongea kwa kupaza sauti. Mkunga alikuwa ameondoa macho kwenye saa; alitazama kiganja chake mwenyewe juu ya lile tumbo, muda mrefu, na sura yake ilikuwa ya mtu anayesikia hatua za mtu nje ya nyumba.

"Umekunywa dawa ya nyumbani?" aliuliza.

"Hapana, sista."

"Mizizi? Majani? Umeoshwa nayo?"

"Hapana. Naapa."

"Sikugombezi. Nataka kujua tu."

"Sijanywa kitu chochote tangu jana. Maji yako tu."

Hakuwa anadanganya, na mkunga aliliona hilo, na ndilo lililomsumbua. Alitulia tena na kiganja chake. Shangazi akaingia, akapapasa shavu, akatoka. Baada ya muda si mrefu tumbo likakaza, likagoma kulegea, yule mama akaanza kutetemeka miguu.

"Kila shangazi akitoka," mkunga alisema polepole, "uchungu unapanda. Nimekaa hapa tangu alfajiri nimehesabu vitu vyote isipokuwa shangazi. Anampa nini?"

"Kahawa tu," nilisema.

"Kahawa wote tumetafuna."

Ndipo nikakumbuka jambo nililoliona bila kulifikiria. "Sisi alitupa ya kwenye kikapu. Ya huyu huwa anaitoa kwenye fundo la khanga."

Mkunga alimfungua yule mama mdomo kwa kidole, taratibu, akatoa punje iliyotafunwa nusu. Kwa macho ilikuwa kahawa. Mimi siwezi kuona kitu nisikionje. Niliichukua nikaing'ata kabla hajanizuia. Ladha ya kahawa ilitangulia. Nyuma yake ikaja nyingine, chungu, ya kukausha ulimi kama ganda la ndizi mbichi, ikashuka nayo mpaka kooni. Nikatema kwenye ndoo. Mkunga aliona sura yangu, hakuuliza zaidi.

Alinyanyuka akaenda mlangoni. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akimpa mgonjwa mgongo.

"Shangazi, kahawa ya kwenye fundo umeichemsha na nini?"

"Kahawa ni kahawa, waitu," alisema, kwa neno la Kihaya la heshima.

"Nimekuuliza umeichemsha na nini."

"Sikumpa dawa mimi. Mgeni anapewa kahawa, mtoto wa mtu asipewe? Huyo anakuja kwa njia ndefu."

"Mae, ulisema ni ya nguvu," yule mama alimwita shangazi kutoka kitandani, kwa pumzi fupi.

Shangazi akashika fundo lake kwa mikono miwili. "Mzizi huo alinipa mama yangu," alisema hatimaye. "Nimezaa nao watoto wote, na hakuna aliyelala njiani. Dada yangu mimi walimpeleka hospitali wakamkata, wakaturudishia sanduku. Huyu wamemkata mara moja. Nyinyi mnataka kumkata tena, na tena, kama kitenge dukani. Nikasema azae upesi hapa, kabla gari halijafika. Ni kosa hilo?"

"Wewe ulipotumia mzizi huo ulikuwa na kovu?"

"Sina kovu mimi."

"Yeye analo. Tofauti ni hapo tu, shangazi. Hapo tu."

Hakumfokea. Alinyoosha mkono, na shangazi akafungua fundo akampa zote. Mkunga alizitumbukiza kwenye chupa, akaifunga, akaiweka mfukoni aende nayo kwa madaktari.

Kisha kila kitu kikawa haraka na kimya. Alimlaza yule mama ubavu wa kushoto, akamtundikia dripu, mimi nikaishika juu kwa sababu kile chuma cha kutundikia kilikuwa hakisimami vizuri. Alimwambia mama ukweli wote: kwamba ile kahawa ilikuwa na mzizi, kwamba mzizi unalivuta kovu, kwamba haitolewi tena ikishaingia. "Mimi sitoki hapa," alisema. "Na huyu Bakoba hatoki." Tangu hapo hilo likawa jina langu.

Simu ikamlazimu kutoka, kwenye ile kona ya uwanja. Nilimwona kupitia dirishani amesimama kwenye mvua, kiganja juu ya sikio. Kalavati lilikuwa limeondoka. Gari lilifika pale likarudi, na sasa lilikuwa linazunguka njia nyingine, ndefu. Alipiga tena, hospitalini, nikamsikia akisisitiza damu, akitaja kundi la damu la mgonjwa mara mbili, akitaka chumba cha upasuaji kiwe tayari kabla hatujafika.

Alirudi akiwa amelowa. Akainamisha pembe. Alifunga macho, na hakuyafungua kwa muda.

"Yupo," alisema. "Amechoka, lakini yupo."

Tulimsubiri huyo aliyechoka na lile gari, sijui kwa muda gani. Nilimkandamiza kiuno mpaka mikono yangu ikafa ganzi. Yule mama aliomba Mungu kwa Kihaya, halafu kwa Kiswahili, halafu akaacha maneno. Mara moja alinivuta sikio karibu na mdomo wake akasema panamuuma pale kwenye kovu, hata sasa, hata hivi ambapo pametulia. Nikamtazama mkunga. Alikuwa amesikia.

Gari lilipoingia uwanjani, mkunga aliwaambia wanawake wa kliniki warudi kesho, akafunga zahanati kwa kufuli, akapanda. Sikuulizwa kama naenda. Nilikuwa nimeshika dripu. Shangazi alikaa mbele na dereva, kikapu mapajani.

Njia ile ya kuzunguka ilikuwa matope matupu. Tulikuwa tumemkumbatia mama wa watu ili asirushwe. Mahali fulani kwenye mteremko, katikati ya uchungu mkali, alitoa sauti moja fupi, ya kushtuka, halafu mwili wake wote ukalegea. Akafungua macho.

"Yameacha," alisema. "Sista, yameacha."

Moyo wangu ulijaa furaha. Nilicheka kwa sauti, nikamfuta jasho usoni, nikamwambia nilijua yataacha. Ndipo nikamwangalia mkunga, na kicheko kikanikauka. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya tumbo, na tumbo lilikuwa si la umbo lile. Aliinama na pembe yake. Akaihamisha. Akaihamisha tena. Safari hii hakusema neno. Alifungua dripu ikawa inakwenda kwa kasi, akagonga kioo cha dereva kwa ngumi.

"Endesha."

"Mama, njia ni—"

"Endesha."

Akashika uso wa yule mama kwa mikono miwili. "Niangalie mimi. Usilale. Niambie jina la mtoto wako wa kwanza. Niambie anapenda kula nini." Yule mama alijibu, kwa sauti iliyokuwa inakwenda mbali, kwamba anapenda ndizi zilizochanganywa na maharage, na kwamba hapendi kitunguu. Mpaka tunaingia geti la hospitali alikuwa anajibu kuhusu vitunguu.

Walikuwa tayari. Milango ikafunguka, kitanda chenye magurudumu, watu wenye barakoa, chupa ya damu imeshatundikwa. Mkunga aliingia naye mpaka pale anaporuhusiwa mtu wa nje, na nadhani alipita hapo kidogo. Mimi na shangazi tulibaki kwenye korido. Shangazi alikaa chini sakafuni ingawa benchi lilikuwepo.

Mkunga alitoka jua likiwa limeanza kushuka. Alikaa sakafuni naye, karibu na shangazi, gambuti zimenyooshwa mbele.

"Mama yupo," alisema. "Kovu lilifumuka ndani ya gari. Wamemshona, wamemwongezea damu. Daktari anasema tungechelewa kidogo, wote wawili. Mtoto hatukumuwahi."

Shangazi hakulia. Alivua khanga yake ya juu akaikunjua. "Nipeni nimpeleke nyumbani," alisema. "Wanaume watachimba kesho asubuhi. Mama yake asimwone. Kwetu mama haonyeshwi."

"Huyu aliomba kuonyeshwa."

"Alipoomba alikuwa anaomba mtoto mzima."

"Aliomba amwone kabla hajafunikwa, na mimi nilimwitikia. Haondoki hapa, shangazi, mpaka mama yake amwone."

Nilidhani shangazi atasimama apige kelele, na ukoo mzima utapigiwa simu. Badala yake aliikunja khanga tena, akaiweka kwenye kikapu. "Basi nitasubiri," alisema.

Yule mama aliamka kabla ya giza. Mkunga ndiye aliyemwambia, ameinama usawa wa macho yake, kwa maneno machache kuliko haya ninayoyaandika. Muuguzi wa wodi alimleta mtoto, hajafunikwa uso. Alikuwa wa kiume, ana nywele nyingi, ana mikunjo kwenye paji la uso ya mtu aliyekatizwa usingizi. Mama alimtazama sana. Akaomba aone miguu. Akaishika, mmoja, kisha wa pili, akapitisha kidole katikati ya vidole. Halafu akageuza kichwa akamwona shangazi mlangoni, na sijawahi kuona macho ya mtu yakitulia juu ya mtu mwingine vile, bila hasira, bila chochote. Shangazi ndiye aliyeangalia chini.

"Mpeni sasa," mama alisema.

Mkunga alipigiwa simu tukiwa bado pale. Kuna mwanamke mwingine amefika zahanati, yuko barazani, uchungu umeanza, mlango una kufuli. Alifunga macho kama alivyofanya na pembe yake.

"Narudi na gari," aliniambia kwenye korido. "Shangazi narudi naye, na mtoto. Huyu anabaki bila mtu. Na wewe huna haraka."

"Sina."

"Kuna kitu sikumwambia bado. Madaktari wana wasiwasi na kizazi. Wakiona damu haikauki, watarudi naye ndani leoleo au kesho, na safari hii watakitoa. Akiuliza, usimdanganye. Ukishindwa kusema, kaa tu. Damu ikiwa nyingi kwenye shuka, usisubiri muuguzi apite, mfuate."

Niliwaangalia wakipanda nyuma ya gari, mkunga na shangazi, benchi moja, na kile kilichofungwa kwenye khanga kimelala mapajani mwa shangazi. Mkunga aliweka mkono wake juu yake ili kisirushwe njiani. Waliondoka hivyo.

Nilikaa na yule mama mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Niliangalia shuka kila mara, kwa kuiba, na mara ya mwisho niliona doa ambalo sikuwa na uhakika kama ni la zamani. Nikamfuata muuguzi. Alikuja, akaangalia, akabonyeza tumbo, akasema tutaona asubuhi, na mimi nisitokomee mbali.

Mkabala na geti kuna nyumba ndefu ya tofali za kuchoma ambamo mjane mmoja hupangisha vyumba kwa watu wenye wagonjwa. Alinifungulia akiwa na taa ya mkononi, umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima.

"Wa wodi gani?"

"Ya wazazi."

"Ni nani yako?"

"Tumekutana leo asubuhi."

Alininyanyulia taa usoni, akanipitisha kwenye ukumbi mrefu wenye milango pande zote. Tulipita vyumba kadhaa vilivyo wazi na vitanda vilivyotandikwa vizuri. Alinipeleka mpaka cha mwisho, kinachotazama geti.

"Watu wa wazazi huwa nawaweka hapa," alisema. "Huku mwisho. Wakija kukuita watagonga dirisha, hawatawaamsha wengine."

Akaniwekea funguo mkononi, akaniuliza nitakaa mpaka lini. Nikamwambia mpaka yule mama atakapotoka. Akaitikia kwa kichwa, akaniachia taa yake, akarudi ukumbini gizani akipapasa ukuta.